Sanduku la darini: shajara ya kufufua majarida ya mazimwi

12 Oktoba 2024: Bomba

Bomba la darini lilipasuka juzi usiku. Fundi alikuja, akatengeneza, akalipwa. Hayo si ya shajara hii. Ya shajara hii ni sanduku la kadibodi lililokuwa limekaa chini ya bomba hilo tangu tuhamie hapa Leicester upande wa pili wa reli. Ungeniuliza wiki iliyopita mna nini ndani, ningekujibu vitabu vya shule. Kumbe ni majarida yangu ya utotoni, yale ya michezo ya kuigiza wahusika na mazimwi, na yamelowa.

Nimeyamwaga sakafuni nikahesabu: nakala 41 za White Dwarf, 12 za Imagine, tatu za Dragon ya Marekani. Juu ya hayo, boksi la mchezo wa Dungeons & Dragons la 1981, lile la wanaoanza, lenye kitabu cha kurasa 64; bunda la karatasi zilizoandikwa kwa penseli; na soksi moja ya shule yenye dadu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanazunguka meza. Mmoja anaeleza mahali, tuseme ngazi zinazoteremka gizani na harufu ya maji yaliyolala. Wengine, kila mmoja na mhusika wake, wanasema wanafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litawezekana, dadu inaamua. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi. Ulitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 tu kwa mkupuo wa kwanza. Kwa hiyo mwaka huu umetimiza miaka 50, na mimi nimetimiza 54.

Nilitua Leicester mwaka 1981 kutoka Mombasa, Kiingereza changu kikiwa cha "this is a pen". Mwanafunzi mwenzangu aliniazima White Dwarf moja wakati wa mapumziko ya mchana, nikakaa nayo wiki tatu. Nilijua majina ya aina tano za mikuki ya Ulaya ya kale kabla sijajua mboga zote za sahani ya shuleni zinaitwaje.

Sasa kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Nakala 19 zilikuwa zimelowa. Kwa haraka nikachukua tano nikazipanga juu ya hita ya ukutani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi baada ya saa mbili, mbili zilikuwa zimejikunja kama papadi na tatu zimekuwa matofali. Karatasi zinazong'aa zina tabaka la udongo mweupe na gundi juu yake. Likilowa linalainika, likikauka kurasa zikiwa zimebanana linashikana moja kwa moja. Nikajaribu mvuke wa birika ili nibandue. Ukurasa ulibanduka kweli, ila wino ulibaki upande wa pili.

Matofali matatu yametupwa. Ukiwa na karatasi zilizolowa, usizipeleke penye joto. Hilo tu ukilishika, shajara hii imekufaa.

19 Oktoba: Friza na unga wa chapati

Nakala 14 zilizobaki niliziingiza kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, kisha kwenye friza, kati ya samaki na bamia. Friza haikaushi, inasimamisha muda tu: ukungu hauoti na kurasa hazigandani wakati unajipanga. Mke wangu aliniuliza mara moja tu majarida yale yatatoka lini. Jinsi alivyouliza ilinitosha.

Ninatoa tatu kila jioni. Yakishayeyuka ninaweka karatasi ya jikoni kila baada ya kurasa nne au tano, ninaibadilisha kila saa chache, na siku ya pili jarida likiwa na unyevu kidogo tu linakwenda chini ya ubao wa kukatia mboga, na juu ya ubao gunia la unga wa chapati la kilo 10. Linatoka limenyooka.

Kosa la pili: karatasi ya jikoni niliyoanza nayo ilikuwa na maua ya buluu. Sasa kuna toleo moja la Imagine ambalo katikati ya ramani ya handaki pana bustani. Nunua nyeupe tupu.

Ukungu: usifute kwa kitambaa chenye maji, utaupaka. Subiri ukauke, toka nje, vaa barakoa, piga mswaki laini kuelekea kusiko na uso wako. Nakala moja ilikuwa imeota hadi ndani ya mshono. Niliitupa bila kujadili. Jumla nimepoteza nne, nimebaki na 52.

Gharama: karatasi nyeupe pauni 4.50, barakoa 6, mswaki wa rangi 3.20, mifuko 2.80. Jumla 16.50.

3 Novemba: Kutu

Majarida haya yameshonwa kwa pini mbili za stepla kwenye mgongo, na baada ya miaka 40 pini zinakuwa unga mwekundu unaokula karatasi kidogo kidogo. Nakala 30 zilikuwa na hali mbaya.

Kutoa ni rahisi ukiwa na subira: fungua jarida katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha geuza uivute kwa nje. Nakala ya saba subira iliniishia nikavuta kwa ndani, nikapasua karatasi ya katikati kutoka tundu hadi ukingo.

Kurudisha ndiko kulikonitia hasara. Nilinunua pini za chuma kisichoshika kutu (pauni 7) na stepla ya mkono mrefu (18). Haikunijia akilini kwamba stepla haijui matundu ya zamani yako wapi. Inatoboa mapya, milimita mbili pembeni, na karatasi iliyokwisha kuchoka inachanika kati ya tundu na tundu, kama stempu. Niliharibu mbili kabla sijakubali. Dukani wakakataa kuirudisha kwa kuwa ilishafunguliwa.

Mke wangu, aliyekuwa akipindisha suruali ya binti yetu, alitazama kazi yangu juu ya miwani.

"Kwani hayo matundu yaliyopo yana kosa gani?"

Nikamwambia stepla haiwezi kuyalenga.

"Na sindano je?"

Hivyo ndivyo nilivyoshona nakala 30 kwa sindano butu na uzi wa kitani uliopakwa nta (pauni 5). Unaingia tundu la juu kutoka ndani, unatokea nje, unarudi tundu la chini, unafunga fundo ndani. Pini mbili zina matundu manne, kwa hiyo ni vitanzi viwili. Dakika 12 kila jarida nilipoanza, saba nilipozoea. Linafunguka vizuri kuliko lilivyokuwa jipya.

Palipobandikwa selotepu mwaka 1984 na mtoto aliyekuwa na nia njema, pameacha doa la rangi ya chai. Sikuligusa.

24 Novemba: Dadu

Soksini zilikuwemo dadu tisa. Mbili ni za ludo. Saba ndizo zenyewe: za pande 4, 6, 8, 10, 12, na mbili za pande 20.

Vijana wa leo wanapata dadu zinazometa kama vito. Za wakati ule, hasa za miaka ya 1970, zilikuwa plastiki laini, namba zimechimbwa bila rangi, na ndani ya boksi la 1981 mlikuwa na krayoni ya kuzijazia mwenyewe. Mojawapo ya zile za pande 20, niliyobadilishana na mwenzangu mkubwa kwa mfuko wa peremende, ina umri zaidi: imeandikwa 0 hadi 9 mara mbili. Unajaza nusu kwa rangi moja na nusu kwa nyingine, halafu mnakubaliana nyekundu ni kuanzia 11. Kona zake zimelika hadi inabingirika kama gololi, inabidi uisubiri.

Nilitaka zipendeze, nikanunua rangi ya akriliki, pauni 6. Nikapaka kwa brashi ya nywele tatu, jioni nzima, kwa miwani mbili. Asubuhi nilipozitikisa rangi ikatoka vipande vipande kama ganda la yai la kuchemsha. Plastiki ile haishiki rangi hata uibembeleze. Nikarudi kwenye krayoni (pauni 2): sugua kwa nguvu juu ya namba, pitisha kitambaa kikavu, nta inabaki ndani ya mchimbo peke yake. Dakika ishirini, dadu zote.

Nikaijaribu ile kuukuu. Mitupo 200, kila namba ingetakiwa kutoka kama mara 20. Sita ilitoka mara 34. Sasa najua kwa nini yule mwenzangu alikuwa tayari kuniachia, au labda hapana, maana sita haimsaidii mtu. Imestaafu. Nimenunua seti mpya kwa pauni 8.

Jambo moja nililolikumbuka nikiwa na soksi mkononi: mwaka 1979 watengenezaji waliishiwa na dadu, wakatia ndani ya maboksi karatasi za namba ukate mwenyewe na kuziokota kikombeni kama kura. Nimekata seti moja hivyo ya akiba, kikombe cha kahawa kimoja kwa kila aina ya dadu.

14 Desemba: Nilichokuwa sikumbuki

Kazi ya mikono imekwisha. Nilikusudia kuyafungia ndani ya makasha na kuishia hapo, lakini huwezi kushona majarida 30 bila kuyasoma.

White Dwarf ilianza Juni 1977 hapa Uingereza, mhariri Ian Livingstone, chini ya Games Workshop, ambayo wakati huo ilikuwa vijana wachache wenye madeni na mapenzi ya michezo. Imagine ilitolewa na tawi la Uingereza la wenye Dungeons & Dragons wenyewe; ilidumu kuanzia 1983 hadi 1985, matoleo 30, ikafa. Mimi niliipenda zaidi Imagine, nadhani kwa sababu ilikuwa haijiamini.

Lakini safu iliyotuteka wote ilikuwa ya White Dwarf, Fiend Factory, chini ya Don Turnbull. Wasomaji walituma mazimwi waliyobuni. Si wataalamu: wanafunzi, makarani, mtu yeyote mwenye stempu. Yaliyo bora yalikusanywa kuwa kitabu, Fiend Folio, mwaka 1981, na kiumbe aliyewekwa kwenye jalada lake, githyanki, alibuniwa na Charles Stross alipokuwa bado kijana wa shule. Baadaye akaja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya za sayansi. Kwa mtoto wa miaka 12 mwenye lafudhi ya Mombasa, habari ile ilikuwa na maana moja: mlango uko wazi, unahitaji bahasha tu.

Na bahasha sikutuma hata moja. Nimepitia lile bunda la penseli. Mna mazimwi yangu 14, mengine yana hata bei ya ngozi yake sokoni. Mna wahusika 38, wameandikwa nguvu, akili, silaha na fimbo ya futi 10. Kati ya 38, wanne tu karatasi zao zina alama za kufutwafutwa pale penye uhai, yaani ndio pekee waliowahi kuumia. Wengine 34 hawakuwahi kutoka nyumbani.

Kisha nikalikuta hili, kwenye ukurasa wa matangazo madogo, yale ya watu wanaotafuta wenzao wa kucheza. Tangazo moja la Leicester limezungushiwa penseli. Mkono ni wangu. Mtaa ulioandikwa ni dakika kumi kwa miguu kutoka tulipokuwa tukikaa. Pembeni nimeandika "Jumamosi?" na alama ya kuuliza nimeikoleza mara mbili tatu. Sikwenda. Nakumbuka vizuri kwamba sikwenda.

Miaka yote hii nikijieleza kwa watu nimesema "nilikuwa nacheza sana mchezo ule". Sikucheza. Nilisoma kuhusu kucheza. Nilikuwa nalisubiri jarida, nalisoma hadi matangazo, nachora ramani, nasubiri jingine.

Basi mradi umebadilika. Makasha sinunui. Tutacheza, na tutacheza kwa Kiswahili, kwa kuwa wapwa zangu wawili wamekuja likizo kutoka Mombasa na Kiswahili cha binti yangu kinahitaji mazoezi.

28 Desemba: Maneno

Nilidhani nitatafsiri karatasi ya mhusika kwa jioni moja. Imechukua nne, na haya ndiyo yaliyonikwamisha.

Mtumia uchawi. Nilianza na "mchawi" bila kufikiri. Mpwa wangu mkubwa akasukuma karatasi: "Mjomba, mimi sichezi mchawi. Mchawi anaroga watu." Sahihi. Kwetu mchawi hana upande mzuri. Mwenye upande mzuri ni mganga. Lakini mganga anaponya, na mponyaji tayari ni mhusika mwingine kitabuni. Tukamaliza hivi: mponyaji ndiye mganga, na mwenye vitabu na hesabu za nyota ni mnajimu. Hakuna aliyelalamika tena.

Mwizi alibaki mwizi, ingawa kila akitajwa mdogo anapiga kelele "Mwizi! Mwizi huyooo!" na mchezo unasimama.

Wale wafupi wa milimani. Neno la kamusi ni "mbilikimo", lakini hilo limetumika kuwaita watu halisi wa misitu ya Kongo, na si kwa heshima. Nimeandika "dwafu" nikapita.

Na elfu. Kiingereza wanasema elf, Kiswahili kinadai irabu mwishoni, basi akawa elfu. Tulipojaribu tu kidogo, nikatangaza: "Elfu mmoja yuko mlangoni." Wote wakashtuka: "Elfu moja?! Tukimbie!" Nikaeleza tofauti ya mmoja na moja. Nilipofika kwa "maelfu" nikaona yananizidi. Sasa wanaitwa watu wa msituni.

Kuna kimoja ninachojivunia. Katika matoleo ya zamani, namba ya ulinzi inakwenda kinyume: asiyevaa kitu ana 9, mwenye vazi kamili la bamba za chuma ana 3. Kila mtu anachanganyikiwa, na Waingereza na Wamarekani wameichekea kwa miongo. Mimi mwanzoni niliandika "kinga", na watoto wakauliza kwa nini kinga kubwa ni mbaya. Nikafuta, nikaandika "upenyo". Upenyo 9: uko wazi, panga linapita popote. Upenyo 3: tafuta mahali pa kupenyeza. Hawakuuliza tena.

Uhai nimeuita pumzi. Kujinusuru na mtego au sumu ni kunusurika, na dadu yake ni dadu ya kunusurika.

4 Januari 2025: Wote wamekufa

Meza: binti yangu, wapwa wawili, na rafiki wa binti ambaye wazazi wake ni wa Bukavu, anayetamka Kiswahili kwa namna yake na kutucheka sisi tunavyotamka chetu. Tulitumia kisa kilichomo ndani ya boksi lenyewe, ngome ya mpakani na mapango yaliyo karibu nayo.

Dakika 40. Ndiyo muda waliodumu. Mnajimu alianza na pumzi mbili. Mshale wa kwanza ulimtosha. Waliobaki walisimama mlangoni mwa pango wakipigana na kila kinachotoka, na kila kilichotoka kilipigana hadi kufa. Mdogo alikaa na dadu mkononi, kimya, akiwa haamini. Nilikuwa nimeandaa vyumba 20. Tuliona viwili.

Katikati ya hayo, Mama. Alikuwa jikoni na kikombe chake cha maziwa ya tangawizi, akasikia sauti yangu ikisema, "Jini amelala. Mnafanya nini?" na mjukuu wake akijibu, "Tumuue kabla hajaamka!" Akaja hadi mlangoni na mtandio wake.

"Mwanangu, jini gani huyo mnayemwita ndani ya nyumba?"

"Ni mchezo, Mama. Hakuna anayeitwa."

"Jini haulizi kama ni mchezo."

Watoto wakanitazama mimi. Marekani mwaka 1983 walianzisha hadi kikundi cha kuupinga mchezo huu kwa madai ya ushetani, na jarida zangu za wakati huo zina barua za wasomaji wakiwacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Umesema kweli, Mama. Si jini, ni zimwi." Akafikiri kidogo. Zimwi ni wa hadithi, halina makosa. Akavuta kiti akaketi.

Usiku nilirudi kitabuni kutafuta nilipokosea, nikapaona ukurasani, na nilikuwa nimepigia mstari mwenyewe miaka 40 iliyopita. Kanuni mbili. Ya kwanza: mkikutana na kiumbe, unatupa dadu mbili za pande sita kujua kinawapokeaje. Jumla ikiwa mbili tu ndipo kinaposhambulia papo hapo, yaani mara 1 kati ya 36. Tatu hadi tano ni uadui, lakini huenda bado kisipige. Sita hadi nane, kinasitasita. Tisa hadi 11 hakishambulii. Kumi na mbili ni urafiki. Ya pili: adui akianza kuzidiwa, unatupa tena kuona kama atakimbia au atasalimu amri.

Mimi niliziruka zote mbili, nikageuza kila mkutano kuwa vita vya kufa na kupona. Mhusika mwenye pumzi mbili hawezi kuishi katika mchezo wa namna hiyo, na waliotunga hawakukusudia aishi kwa panga. Ukitaka kuiga mradi huu, kanuni hizi mbili ziandike kwenye kadi na uiweke mbele ya macho yako.

18 Januari: Chini ya ngome

Marekebisho matatu.

Mahali. Nililazimika kueleza lango la chuma linaloshushwa kwa minyororo mara nne na bado hawakuliona. Nikatupa ngome ya mpakani, nikachora Fort Jesus ya Mombasa kwa kumbukumbu ya safari ya shule: kuta za matumbawe, mizinga, kisima, njia nyembamba ya kuteremkia baharini. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaizingira 1696 hadi 1698. Mahandaki ya chini ni ya kubuni kwangu. Wapwa wamewahi kuingia pale, na wakaanza kubishana wao kwa wao mlango uko upande gani. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Mwenge. Kitabuni mwenge unadumu zamu sita za dakika kumi kumi, na mimi husahau kuhesabu. Sasa kila mwenge ni karanga sita kisosini. Zamu ikipita, mwenye mwenge anakula moja. Kisosi kikiwa kitupu, giza. Walianza kuzitazama karanga kwa hofu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kasoro moja: mdogo alikula mbili kwa kusahau, na wengine wakataka ahesabiwe zamu mbili. Alihesabiwa.

Mlango. Badala ya kufuli niliweka zimwi linalotega vitendawili. Kosa: nilianza na "Nyumba yangu haina mlango". Wakapiga kelele "Yai!" kabla sijafunga mdomo. La pili, "Popoo mbili zavuka mto." Kimya. Hawajui hata popoo ni nini, ile kokwa ya kutafunwa na tambuu. Binti yangu alikisia mitumbwi, wa Bukavu akasema viboko. Kwa desturi ukishindwa unatoa mji, kwa hiyo zimwi likasema, "Nipeni mji."

"London," akajibu mpwa mkubwa bila kusita.

Zimwi likapokea London, likaenda likala, likanywa, likarudi na jibu: macho. Wakaona wamepona bure. Hapo nikarekebisha kanuni mezani: mji unaoutoa lazima uwe wako, yaani kitu ulichoandika kwenye karatasi yako. Kwa kitendawili kilichofuata mwizi akatoa kamba yake, na baada ya nusu saa, mbele ya kisima, wote waligeuka kumtazama.

Dadu ya mapokezi ya zimwi lile ilikuwa 12. Rafiki. Nilitaka kutupa tena, kwani nilikuwa nimeandaa pigano zuri, lakini Mama alikuwa ameketi palepale na maziwa yake, ameziona dadu.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema. "Mpeni kitu chake mpite."

Wakampa karanga mbili za mwenge. Tulicheza saa tatu na robo. Amekufa mmoja, mganga, aliyeanguka kisimani kwa kukosa kamba.

2 Februari: Toleo la kwanza

Wapwa wamerudi Mombasa na nakala za karatasi zao. Kabla ya kuondoka, mdogo alinikabidhi ukurasa: zimwi la mikoko, lina mikono minane, linaogopa maji kujaa. Pumzi, upenyo, namba ya kukimbia, vyote amejaza. Akaniuliza anwani ya kutuma Fiend Factory. Nikamwambia safu ile imefungwa zamani.

"Basi utalitoa wapi, Mjomba?"

Kwa hiyo tuna jarida. Karatasi nne za A4 zilizokunjwa, kurasa 16, uzi wa kitani uliobaki, picha za binti yangu. Mna zimwi la mikoko, ramani ya mahandaki, kadi ya zile kanuni mbili, vitendawili sita vilivyochaguliwa na Mama (sikuruhusiwa kubadili), na mazimwi yangu mawili kati ya yale 14. Nakala nane, uchapishaji maktabani pauni 3.20. Jumla ya mradi mzima: kukausha 16.50, kushona 30, dadu 16, na hii 3.20, sawa na pauni 65.70. Karanga sikuhesabu.

Kurasa zilinishinda mara mbili. Karatasi ikikunjwa, ukurasa wa 1 unalala ubavuni mwa wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Jumla lazima iwe 17 kila mara. Hilo nililijua. Nilichosahau ni kwamba mashine ya maktaba inageuza karatasi kwa upande mrefu isipoambiwa vingine, na hivyo katika nakala zote nane zimwi la mikoko limesimama kichwa chini.

Nimempigia mwenyewe simu kumwomba radhi. Amesema niache hivyo hivyo, maji yanapojaa ndivyo linavyojificha, na kwamba sasa itabidi aandike hilo kwenye maelezo.